URAFIKI WETU SI MTAJI WA BROKA



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa kikundi chetu cha kusaidiana, alisimama bwana mmoja aliyevaa suti ya kijivu. Aliletwa na mwenzetu wa karakana. Alipewa dakika kumi, akachukua saa nzima. Alisema hakuja kutuuzia ploti hata kidogo, bali amekuja kutuonyesha njia ya kutoka katika umaskini. Ati biashara ya ploti na nyumba haitaki mtaji wa pesa. Mtaji wake ni WATU. Akatugawia karatasi tuandike majina mia moja: tuliosoma nao, tunaosali nao, jamaa za mke, wazee wa nyumbani, na hasa wenzetu wa kazini ambao wanakaribia kustaafu. Tuwapigie simu, tuulize habari za watoto, twende harusini kwao na matangani kwao. Habari ya ploti tusiitaje siku ya kwanza. Tukishazoeana, alisema, watauliza wenyewe.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Si kwamba nina akili kuliko wengine. Karatasi kama ile niliijaza mwaka wa 2022, na jina la tatu katika karatasi yangu ni deni langu mpaka leo.

Jina hilo sitaliandika hapa, maana mwenyewe hakunipa ruhusa. Ni mzee aliyekuwa mshika pointi. Nilipoingia reli nikiwa kijana nisiyejua kitu, yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kusimama usiku mabehewa yanapopangwa, na siku nilipokosea ishara alinikemea yeye mwenyewe, hakunipeleka kwa mkubwa. Amebakisha miaka mitatu astaafu, naye anajua habari ya watu wa reli waliostaafu bila nyumba. Mimi pia naijua. Baba yangu aliondolewa kazini wakati reli ilipokodishwa kwa kampuni ya watu binafsi mwaka wa 2006, na pamoja na kazi tukapoteza kota. Nakumbuka kitanda chetu kilivyokaa nje uani siku mbili. Mtu aliyeona kitu hicho, ukimtajia ploti, hata maji ya kunywa anayasahau.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilimtembelea mzee Jumapili mbili, nikamnunulia sukari na majani ya chai, nikauliza habari za mjukuu aliyekuwa mgonjwa. Jumapili ya tatu akaniuliza mwenyewe. Hakuniuliza hati. Aliniuliza neno moja tu: "Wewe mwenyewe umeiona?" Nikasema nimeiona. Na kweli nilikuwa nimeiona! Tulipelekwa kwa basi la bure, tukapewa soda na mkate, tukaonyeshwa nyasi, na mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa, na kibao kirefu chenye picha ya nyumba ambayo haikuwapo.

Bei ilikuwa shilingi 450,000. Mzee alichukua mkopo wa 300,000 katika ushirika wetu, na zile 150,000 akazilipa kwa miezi kumi, 15,000 kila mwezi. Mimi kwa kumleta nililipwa shilingi 20,000. Sikumwambia. Hapo ndipo kosa lilipo, na wala si kosa la kutojua.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 mzee alikwenda kuchimba shimo la choo, akakuta ua wa waya na askari wa kulinda. Ardhi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Ile ofisi tuliyolipia ilikuwa imefungwa, na simu hazikupokelewa. Polisi walisema ni habari ya mapatano baina ya watu, tutafute wakili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana wengi wetu tunafikiri mwizi wa ardhi ni yule anayetengeneza hati ya uongo gizani. Wapo wa namna hiyo. Lakini waliotupata sisi hawakutengeneza hati ya uongo. Hawakuwa na hati yo yote. Nilipoeleweshwa mambo yalivyokwenda nilikaa kimya muda mrefu.

Chukua ekari moja. Ukiikata vipande vya futi 50 kwa 100 na kuacha njia, unapata ploti nane. Tuseme mwenye shamba anataka shilingi 2,000,000 kwa ekari. Bwana wa suti hana 2,000,000. Anampa sehemu ya kumi, yaani 200,000, na kuandika mapatano ya kumaliza baada ya siku 90. Siku hiyo hiyo anapanda kibao, anaweka mawe, anawatuma watu kama mimi. Wanunuzi wanne wakilipa 450,000 kila mmoja, ni 1,800,000. Ongeza zile 200,000 zake: mwenye shamba amekwisha kulipwa. Ploti nne zilizobaki ni faida, ukitoa kamisheni, soda na mafuta ya basi. Kwa hiyo walionunua ekari ile ni wanunuzi wanne wa kwanza. Yeye alinunua kibao.

Na wakipatikana wawili tu? Siku 90 zikaisha? Mwenye shamba ana haki ya kuvunja mapatano na kumuuzia mwingine, naye hakutendi dhambi, kwa sababu hajui hata majina yetu. Sisi tumelipa kwa mtu ambaye ni mnunuzi kama sisi. Basi bwana yule anaposema kwamba mtaji wake ni watu, amesema kweli kuliko alivyokusudia. Ni pesa za watu, na njia ya kuzifikia ni urafiki wao.

Jambo hili tungalilijua kwa siku moja. Katika ofisi ya ardhi yuko msajili, na kwa ada ndogo sana mbele ya bei ya ploti, mtu ye yote mwenye namba ya kipande cha ardhi huambiwa kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kina deni la benki au kizuizi cha mahakama. Hiyo ndiyo serchi. Kwa Nairobi rekodi zilianza kuwekwa katika mtambo wa Ardhisasa tangu Aprili 2021. Mzee hakufanya serchi. Kwa nini? Kwa sababu kuniomba namba kungekuwa kama kuniambia mimi ni mwongo, na yeye ni mtu wa heshima. Nasema wazi: urafiki ulitumika ili swali lisiulizwe. Kazi yangu katika biashara ile haikuwa kuuza. Nilikuwa pale ili serchi isifanywe.

Ujanja huu una mizizi. Baada ya Uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi yalipouzwa, watu wetu walichanga katika kampuni na vyama vya kununua mashamba. Waliingizwa na nani? Na mtu wa ukoo, na mtu wa kanisani, na mkubwa wa siasa aliyezoeana nao. Wengine walipata mashamba yao, tusikatae. Lakini wengi walipewa karatasi ya hisa na namba ya kura, wakazeeka nazo, wakawaachia watoto kesi.

Hata mwenye karatasi yenye muhuri asijivune. Huko Syokimau mwezi wa Novemba 2011, na Mavoko mwezi wa Oktoba 2023, nyumba za mawe zilivunjwa na tingatinga, na wenye nyumba wamesimama wakishika karatasi mikononi. Na mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba hati peke yake haitoshi. Ikiwa ardhi ilitolewa kwa njia mbovu tangu mwanzo, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa moyo safi. Lazima afuate shina lake. Basi kama majaji hawaridhiki na hati, wewe utaridhikaje na ujirani?

Katika shule ya misheni nilikosoma madarasa ya msingi tulifundishwa habari ya Ibrahimu alipofiwa na Sara. Aliishi katikati ya Wahiti, wakimheshimu. Alipotaka mahali pa kuzika, Efroni Mhiti alimwambia mbele ya watu kwamba atampa shamba bure. Urafiki ulioje! Ibrahimu akakataa. Akapima shekeli 400 za fedha mbele ya wote waliokuwa langoni mwa mji, na shamba likatajwa lilivyo, pamoja na pango lake na miti yake yote mpaka mipakani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba ni habari ya imani. Nilipomaliza kumlilia mzee nikaifungua tena, nikaona ni habari ya serchi.

Najua watakaoninung'unikia. Watasema, huyu anawaonea wivu wenzake wanaojitafutia. Mshahara hautoshi, kodi inapanda, je, mtu asiuze ploti jioni? Na tangu lini dalali akawa mwizi? Mji wa Mombasa umekuwa na madalali kabla ya reli kufika Nairobi mwaka wa 1899!

Sina ugomvi na dalali. Yuko mmoja hapa mjini ninayemjua, ana duka dogo karibu na stendi ya matatu. Cheti chake cha Bodi ya Usajili kiko ukutani, kama inavyotakiwa na Sheria ya Maajenti ya mwaka wa 1984, ambayo haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya kukutanisha wauzaji na wanunuzi wa ardhi za watu. Ukikaa kitini, neno la kwanza anakuambia nani anamlipa na ni kiasi gani. La pili anakupa namba ya ardhi, kisha anakufukuza! "Nenda kafanye serchi, rudi na wakili wako." Siku moja nilimwona akimkatalia mtu mwenye pesa mkononi, kwa sababu mke wa muuzaji hakuwa ametia sahihi. Yeye pia amejenga biashara yake kwa watu. Lakini watu hao walipelekwa kwake na majirani baada ya kukaa katika nyumba zao miaka kumi bila kuamshwa na tingatinga. Uhusiano wake unakuja NYUMA ya hati. Bwana wa suti anauweka mbele ya hati, ili tusiione.

Kuna mambo machache ambayo kila mtu wa reli ayajue, na nayasema upesi. Mapatano ya ardhi yasiyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi hayasimami mahakamani. Ardhi ya kilimo hutaka kibali cha Bodi ya Ardhi chini ya sheria ya mwaka wa 1967, na kibali kisipoombwa ndani ya miezi sita, mauzo huwa bure. Mawe ya mpaka hupimwa na mpima ardhi mwenye leseni, wala si kijana mwenye ndoo ya chokaa. Na malipo yapite kwa wakili mpaka hati ihamishwe, yasiende kwenye simu ya mtu.

Mtaniambia wakili ni ghali. Kwa mtu mmoja, ndiyo. Lakini sisi tunao ushirika na tunalo tawi la chama. Watu ishirini wanaotaka ploti wanaweza kumlipa wakili mmoja na mpima ardhi mmoja, na kuzungumza na mwenye shamba mwenyewe uso kwa uso, bila kibao na bila soda. Hapo ndipo kujuana kwetu kutatufaa. Tumeshikana katika migomo tukiwa na njaa. Ajabu ni kwamba ikifika habari ya ploti kila mmoja anakwenda peke yake, usiku, kwa siri, kama mtu anayekwenda kwa mganga.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi nitaleta hoja, na naomba ndugu mmoja aniunge mkono. Muuzaji wa ardhi asipewe nafasi ya kusema katika mikutano yetu, wala ya chama, wala ya matanga, mpaka katibu awe ameiona serchi iliyofanywa na sisi wenyewe. Ushirika usitoe mkopo wa ploti kabla ya kuona serchi hiyo. Na mwanachama ye yote anayepokea kamisheni kwa kumleta mwenzake aseme mbele ya watu amepokea kiasi gani, na iandikwe katika daftari ya tawi. Asiyetaka kusema, na asichukue.

Yule mwenzetu wa karakana aliyemleta bwana wa suti amekwisha kuniambia kwamba nikisoma hoja hii nitamharibia jina. Nimemjibu kwamba jina lake halimo. La kwanza katika daftari litakuwa langu: shilingi 20,000, mwaka wa 2022, kwa kumleta mshika pointi. Hizo nimemrudishia zote. Tangu hapo nampelekea 4,000 kila mwisho wa mwezi katika zile nyingine. Huzipokea, huhesabu, hutia sahihi katika kitabu nilichonunua. Chai hanikaribishi tena.