Mbwa wa ulinzi si pipa la mabaki ya chipsi

Imekuwa kawaida kwa wafugaji wa kuku wanaokaa jirani na vibanda vya chipsi. Ikifika usiku, mabaki ya mayonezi, ngozi za kuku na mafuta yaliyochoka humwagwa juu ya ugali, na mbwa wa ulinzi akawekewa. Mbwa hulamba sufuria mpaka ing'ae, na mwenye mbwa huona ameokoa fedha ya chakula.

Mimi sioni fedha iliyookolewa hapo. Mayonezi kwa sehemu kubwa ni mafuta matupu. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban gramu 10 za mafuta na kalori 90 hivi, kwa hiyo vijiko vitano vinakaribia nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mbwa wa kilo 15. Kulamba kidogo hakumuui. Hatari ni mlo mzito wa mafuta kwa mpigo, ambao unaweza kuliumiza kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enyo vya kuyeyusha chakula. Likivimba, vimeng'enyo hivyo huanza kulila kongosho lenyewe. Mbwa hutapika, hukataa kula, hukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, na wengine hufa. Wengi wetu hukimbilia kusema jirani kamtegea sumu! Ugomvi wa mtaa mzima, kumbe sumu ilitoka kwenye sufuria ya nyumbani.

Anayeponea hapo hunenepa, na mbwa mnene halindi banda, analala.

Kachumbari ndiyo mbaya zaidi, ingawa haina mafuta. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Ugali na dagaa waliooshwa chumvi vinamtosha kuliko karamu hiyo. Muuza chipsi mwenye moyo wa kusaidia na atoe viazi vilivyochemshwa, visivyotiwa kitu.

Na mbwa akianza kutapika, msimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula kwa kudhani mnaua sumu, maana hapo mnaongeza mafuta juu ya mafuta. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na mumweleze bila kuficha alichokula jana yake.