Lugha ya Ubainishaji na Usalama wa Mifumo ya Kompyuta: Mfano wa Reli ya Bukene

Imezoeleka kudhaniwa kwamba kutegemeka kwa mfumo wa kompyuta ni suala la wahandisi peke yao. Dhana hiyo ina upungufu, kwani kosa la mfumo aghalabu huanzia katika sentensi, kabla programu haijaandikwa.

Uchukuliwe mfano wa stesheni ya Bukene, wilayani Nzega, katika reli ya njia moja itokayo Tabora, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Ichukuliwe pia kwamba kompyuta imekabidhiwa kazi ya kuruhusu treni kwa kanuni hii: "Treni isiingie katika kipande cha njia ambamo mna treni nyingine." Msemaji yeyote wa Kiswahili ataikubali. Hata hivyo, treni mbili zikisimama katika ncha mbili za kipande kimoja, kila moja itakikuta kitupu. Zote zitaruhusiwa kwa wakati mmoja, nazo zitagongana katikati pasipo yeyote kuivunja kanuni. Majaribio elfu moja ambamo treni hazikufika pamoja hayataifichua kasoro hiyo.

Kanuni hiyo yafaa ibainishwe hivi: "Wakati wowote ule, kipande chochote kisiwe na treni zaidi ya moja." Sentensi ya kwanza inahusu tendo la kuingia, ya pili inahusu hali inayopaswa kudumu. Hivyo basi, kila hatua ya programu yaweza kuthibitishwa kihisabati kuwa haiivunji hali hiyo. Ndivyo ilivyofanyika mjini Paris, ambako njia ya 14 ya treni za chini ya ardhi, zisizo na dereva, ilifunguliwa mwaka 1998. Programu zake za usalama zilisanifiwa kwa mbinu ya B ya Jean-Raymond Abrial, na hoja zaidi ya 27,000 zilithibitishwa.

Ni kweli kwamba uthibitisho hauwezi kuonyesha kuwa kanuni iliyoandikwa ndiyo iliyokusudiwa. Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilidhihirisha kwamba Kiswahili kinayamudu maneno ya skrini. Kilichosalia ni kuchunguza semantiki ya ukanushi, idadi na wakati katika uandishi wa kanuni. Abiria na mfanyakazi wa stesheni ya Bukene hawawezi kuihoji kanuni inayolinda uhai wao iwapo haikubainishwa kwa lugha wanayoielewa.