Mwamuzi wa Kuazima

Mchafukoge ni jina lenye amri ndani yake. Mwenye sikio la Kiswahili humsikia mtu akiambiwa kwamba ni mchafu na aende akaoge, ingawa wakaazi wa kata hiyo ya Ilala, iliyobanwa baina ya Mnazi Mmoja, Kisutu na Kariakoo, wamelizoea hata halina tena makali. Kutoka hapo mtu huenda kwa miguu hadi Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya Simba, na kikombe cha kahawa alichokiacha barazani hakijapoa huweza kuwa amekwisha kufika Jangwani, kwa Yanga. Vilabu hivyo viwili, mmoja wa 1935 na mwengine wa 1936, vimezaliwa katika vichochoro hivi hivi, na aliyekulia humo huulizwa timu yake kabla ya kuulizwa baba yake ni nani. Katika mji kama huo mwamuzi hana baraza la kukaa. Akipuliza kipenga ni wa Msimbazi. Asipokipuliza ni wa Jangwani.

Tarehe 25 Julai 2021 watani hao walikutana katika fainali ya Kombe la Shirikisho, na safari hiyo mchezo ulipelekwa Kigoma, katika uwanja wa Lake Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kariakoo. Mchezo ulikuwa wa kubanana. Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kiwiko alichomtilia nahodha wa Simba, John Bocco. Yanga wakahimili wakiwa kumi hadi zilipobaki kama dakika kumi, ndipo Taddeo Lwanga akafunga kwa mpira wa kona. Simba 1, Yanga 0, na kombe likaenda Msimbazi.

Kikosi chenye watu kumi kiliwabana mabingwa kwa zaidi ya nusu saa. Hilo peke yake lilikuwa na utenzi ndani yake. Mshairi wa Jangwani angeweza kuwatambia watani zake mwaka mzima: kwamba walihitaji mtu mmoja apunguzwe, na hata hapo walisubiri jua lielekee kuchwa juu ya ziwa ndipo walipopata bao, tena la kona. Hicho ni kijembe cha mtu aliyeshindwa akabaki na ulimi wake. Barazani hakikusikika. Kilichosikika ni neno moja likizunguka pamoja na dele la kahawa: tumeibiwa. Na upande wa pili nao haukuwa bora, kwa kuwa washindi walijibu kwa jambo lisilohusu kadi ile hata kidogo, yaani orodha ya michezo ya zamani ambayo wao ndio walioibiwa. Wezi wawili wakawa wanaoneshana risiti.

Na sharti lisemwe bila ya kupaka mafuta: kati ya waliopiga kelele, aliyeweza kueleza sheria ya kiwiko inasemaje alikuwa adimu kuliko shilingi ya shimo. Sheria za mpira ni 17 tu. Shabiki wa Kariakoo anayekumbuka vikosi vya miaka ya 1970 jina kwa jina, na nani alimpasia nani, hajapata kuzisoma zote, na wala haoni kuwa ni upungufu. Hukumu yake haitokani na sheria. Hutokana na rangi ya jezi ya aliyeanguka.

Wapenzi wa ushairi watauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana, maana utani wa Simba na Yanga haukuzuka jangwani, bali ni mjukuu wa malumbano yao wenyewe. Pwani hii ilishindana kwa jozi tangu zamani. Miji ilikuwa na Marini na Arinoti katika ngoma ya beni. Dar es Salaam ikawa na Egyptian na Al-Watan katika taarabu, na katika miaka ya 1990 ikawa na TOT na Muungano, waliorushiana mipasho hata wasiojua kuimba wakachukua upande. Nyuma ya wote hao yumo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyejibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa na uhasama wa damu, si wa mchezo. Katika majibizano ya namna hiyo hakukuwa na mwamuzi mwenye kipenga. Palikuwa na mizani na vina, ambavyo pande zote mbili zilivijua kwa moyo, na aghalabu aliyejibu alilazimika kuingia katika bahari ile ile aliyoichagua mpinzani wake. Aliyeteleza mizani aliumbuka mbele ya watu wake mwenyewe, kwa sababu watu wake walijua kuhesabu. Mshabiki wa Muyaka hakuweza kudai kwamba mizani 16 ya Lamu ilikuwa imenunuliwa.

Hapo ndipo penye tofauti. Hadhira ya malumbano ilikuwa inaijua sheria kuliko inavyompenda mshairi wake. Hadhira ya dimbani inaipenda timu na sheria haina haja nayo. Ndiyo maana tambo zimefifia, na mahali pake pamekaa lawama, ambayo ni maneno ya mtu mvivu. Kutunga kijembe kunataka kazi. Kusema refa kahongwa hakutaki hata vina.

Kuna jibu ambalo hutolewa haraka, na ni haki lisikilizwe: waamuzi hukosea kweli, na pengine hukosea vibaya. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika uwanja ambao wakati huo uliitwa wa Taifa, Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo wachezaji wa Simba walidai limetanguliwa na mkono, na picha zilizorudiwa ziliwapa nguvu waliolalamika. Bao likakubaliwa. Jonas Mkude, katika kuzozana na mwamuzi, akatolewa nje, na baadaye kadi yake ikafutwa. Kosa, basi, lilikuwepo, na aliyelikasirikia hakuwa mwendawazimu. Lakini mashabiki walifanya nini na haki hiyo adimu waliyoipata? Waling'oa viti. Polisi wakapiga mabomu ya machozi, Serikali ikavifungia vilabu vyote viwili kuutumia uwanja ule, na asubuhi yake nchi nzima ilizungumza juu ya viti. Mkono wa Tambwe ukasahauliwa kabla ya magazeti ya wiki hayajatoka. Mlalamikaji mwenye ushahidi aliuchoma moto ushahidi wake kwa mikono yake, na wa pili kusahauliwa alikuwa Shiza Kichuya, ambaye zikiwa zimebaki dakika chache alipiga kona ikaingia moja kwa moja wavuni, ngoma ikawa 1-1. Bao la namna hiyo mtu huliona mara moja katika umri wake. Waliokuwa wakitafuta cha kung'oa hawakuliona.

Wengine wanasema dawa ni mashine: zije kamera, mwamuzi arejee picha, na ugomvi utakwisha. Wenye fikra hiyo na waitazame raga, mchezo ambao hauna mizizi Mchafukoge lakini una sifa ya kumheshimu mwamuzi kuliko mpira wa miguu. Huko nahodha ndiye anayemwendea mwamuzi kuzungumza naye, na kwa adabu. Tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Paris, Afrika Kusini iliifunga New Zealand 12 kwa 11 katika fainali ya Kombe la Dunia. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alitolewa kwa kadi nyekundu baada ya picha kurejewa na kurejewa. Kila kitu kilikuwepo: mashine, wataalamu, Ulaya yenyewe. Siku chache baadaye mwamuzi Wayne Barnes wa Uingereza alitangaza kustaafu, na vitisho alivyoletewa yeye na familia yake vikajulikana kwa dunia nzima. Pointi moja ilitosha. Kamera humsaidia anayetaka kujua kilichotokea. Aliyekwisha kujua kabla ya mchezo kuanza haimsaidii.

Ila kuwalaumu mashabiki peke yao ni nusu ya shauri, na nusu nyepesi. Nusu nzito iko kwingine, na kelele dhidi ya kipenga ndizo zinazoificha.

Tarehe 8 Mei 2021 tiketi zilikwisha kuuzwa, watu wamekwisha kuingia uwanjani, na mchezo wa watani ulikuwa uanze saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya kwanza, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa ya pili. Na watu wakarudi majumbani bila ya kuona mpira ukigusana na mguu. Miaka minne haikutimia, yakarudi. Usiku wa tarehe 7 Machi 2025 Simba walikwenda kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakasema wamezuiliwa kuingia, wakatangaza hawatacheza. Kesho yake, siku ya mchezo wenyewe, Bodi ya Ligi ikauahirisha. Yanga wakatokea uwanjani, wakaonekana, wakaondoka. Mchezo wa watani huleta watu kutoka mikoani kwa mabasi ya usiku, huleta watu kutoka Unguja kwa boti, wamelala kwa jamaa zao Kariakoo kwenye mikeka, na nauli ya kurudi imehesabiwa kwa senti. Wote hao walionewa. Walionewa waziwazi, pasi na hitaji la picha kurudiwa.

Na hapakuwa na mwamuzi. Mara zote mbili kipenga hakikulia kabisa.

Basi ziko wapi kelele? Hapana shaka vilabu vilitoa matamko, kila kimoja kikikumbatia kifungu chake cha kanuni. Yanga ilikwenda hadi kwenye mahakama ya michezo ya kimataifa. Lakini baraza la Mchafukoge, lile linaloweza kugombana wiki nzima juu ya kiwiko cha Kigoma, liligawanyika kwa rangi kama kawaida: wa Msimbazi wakatetea kutocheza, wa Jangwani wakatetea kutorudia, na hakuna upande uliouliza kwa sauti ile ile ya "tumeibiwa" ni nani aliyepewa ufunguo wa lango usiku ule, na kwa nini kanuni iliyoandikwa kwa wino haikuweza kuwaingiza wachezaji uwanjani kwa mazoezi. Mwamuzi hushambuliwa kwa kuwa yuko peke yake, katikati ya nyasi, na mavazi yake yanaonekana. Ofisi haina jezi.

Matunda yake yalivunwa tarehe 25 Juni 2025, mchezo ulipochezwa hatimaye, nao ukawa ndio wa kuamua ubingwa wa ligi. Waamuzi waliletwa kutoka Misri. Jambo hilo lilipokelewa kama busara, na wako waliopumua. Lipimwe tena. Nchi yenye vyuo, yenye mahakama, yenye waamuzi wanaochezesha mashindano ya Afrika, ilikiri mbele ya majirani kwamba katika watu wake wote hakuna hata mmoja anayeweza kupuliza kipenga baina ya mitaa miwili ya Kariakoo akasadikiwa. Na haikuwa kweli kwamba hayupo. Jonesia Rukyaa, mwanamke wa Kagera, aliuchezesha mchezo huu huu mnamo Februari 2016 mbele ya uwanja uliofurika, akatoa kadi nyekundu pale alipoona inastahiki, akaumaliza. Wanaochezesha wapo. Kilichokosekana ni wanaosadiki, na imani ya namna hiyo haipandi ndege kutoka Cairo. Mji ambao zamani uliazima kwa Wamisri mahadhi ya taarabu ukayatia maneno yake wenyewe, sasa umeazima kutoka huko huko hukumu, na haukuwa na neno la kuitia.

Mchezo wenyewe ulikwenda hivi: hakuna bao hadi kipindi cha pili, kisha Mmisri akaonesha penalti, Pacome Zouzoua akaifunga, na Clement Mzize akaongeza la pili karibu na mwisho. Yanga 2, Simba 0, ubingwa wa nne mfululizo. Mwamuzi akarudi kwao. Vikombe vya kahawa vikasuuzwa, na waliofungwa wakaanza kumjadili Mmisri.

Malenga wa visiwani na wa mrima wamekwisha kutunga juu ya bao la kila msimu, la kila mshambuliaji. Lango lile la Temeke la usiku wa tarehe 7 Machi linasubiri mtunzi, wa Simba au wa Yanga, atakayemjibu mwenziwe katika bahari ile ile.