Hamamelis hupoza mguu, haitibu mshipa

Wasusi, mama lishe na wengine wanaosimama kutwa wanaijua ile mishipa inayovimba na kujikunja miguuni. Baadhi huipaka maji ya hamamelis, yale ya chupa zilizoandikwa Witch Hazel kwenye maduka ya vipodozi. Ni kichaka cha mashariki mwa Marekani Kaskazini, na wenyeji wa asili wa huko walikitumia zamani kutuliza uvimbe.

Majani na magome yake yana tanini, ile ile inayokausha kinywa ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Hukaza ngozi na kupunguza muwasho. (Maji meupe ya dukani, yaliyopatikana kwa mvuke, karibu hayana tanini.) Lakini tatizo liko ndani ya mshipa: vali zinazozuia damu isirudi chini zimelegea, na dawa ya kupaka haizikazi. Soksi za kubana na kuinua miguu husaidia zaidi.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, hasa kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, usipake kitu wala kuuchua. Huenda damu imeganda, na bonge likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.