Ndoa changa ikihamia mji mpya, ihame nzima

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W), Mola aliyeidhalilisha ardhi kwa waja wake wapate kuitembea na kula katika riziki yake. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W), ambaye naye aliuhama mji alioupenda, pamoja na Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Leo tunapenda kuzungumza na vijana waliooa na kuolewa karibuni, na pia wazazi wao, juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la mshahara na mizigo tu, nalo ni kuhama mji. Rai yetu tunaitanguliza. Familia changa nyingi zinazosongeka Dar es Salaam zingepata furaha zaidi, na dini yao ingepata nafasi zaidi, lau zingehamia mji mwingine. Ila tunaposema familia, tuna maana ya mume, mke na watoto. Mume akihama peke yake hilo ni jambo jingine, nasi tutalifikia.

Imepokewa kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (R.A), katika Sahihi ya Ibn Hibban, kwamba Mtume (S.A.W) alitaja mambo manne kuwa ni katika furaha ya mtu: mke mwema, makazi yenye wasaa, jirani mwema na kipando cha raha. Akataja na kinyume cha hayo kuwa ni katika taabu yake. Tuyachukue hayo manne tukaingie nayo katika nyumba ya kupanga ya Mbagala au Gongo la Mboto, tuone yanakuwaje.

Mke mwema kijana wetu kampata, alhamdulillahi. Makazi ni chumba na sebule, kodi ya miezi sita imelipwa kwa mkupuo, na dalali naye amekwisha kuchukua kodi ya mwezi mzima. Choo ni kimoja kwa wapangaji wote wa uani, kwa hiyo bibi harusi wa mwaka jana hulazimika kujitanda kila anapotoka chumbani, kana kwamba anakwenda sokoni. Majirani si watu wabaya, lakini mita ya umeme ni moja. Usiku LUKU ikiisha, kila mmoja hungoja mwenye friji anunue, na mwenye friji hudai kuwa mwenye pasi ndiye aliyeumaliza. Chuki za namna hiyo hukaa miaka. Ama kipando, tusikizungumzie sana. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yamewapunguzia safari baadhi ya watu, lakini jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia wakazi 5,383,728 haliwezi kumfikisha kila mtu kazini akiwa amekaa kwenye kiti. Baba anaswali Alfajiri na kutoka mbio, anarudi baada ya Ishaa. Mtoto wa miaka miwili humwona baba yake akiwa hai siku ya Jumapili, siku nyingine humwona amelala.

Basi kati ya nguzo nne za furaha, kijana huyu amebakiwa na moja, nayo ni mkewe. Na mke huyo ndiye anayebeba uzito wa zile tatu zilizoanguka. Wazee wanapoulizwa mbona ndoa za siku hizi hazidumu, huwalaumu wasichana kwa kukosa subira. Sisi tungependa kwanza waulize kuhusu choo.

Kwa nini basi hawahami? Ukiwauliza watakuambia riziki. Imeingia katika vichwa vya vijana wetu kwamba Mwenyezi Mungu (S.W) ameiweka riziki yote baina ya Kariakoo na Posta. Hali Yeye mwenyewe, katika Suratin Nisaa aya ya 100, anamuahidi mwenye kuhama kwa ajili Yake kuwa atapata ardhini mahali pengi na wasaa. Wanavyuoni wameieleza aya hiyo kwanza kwa Hijra ya kidini, nasi hatuigeuzi kuwa tangazo la viwanja. Lakini mtu anayehama ili aihifadhi sitara ya mkewe na apate saa ya kumfundisha mwanawe Alfatiha, nia yake haiko mbali na njia ya Mwenyezi Mungu, na amali huhesabiwa kwa nia.

Kisa cha Abdulrahman bin Auf (R.A) kinatosha kwa mwenye hofu ya riziki. Alifika Madina mikono mitupu. Mtume (S.A.W) akamuunga undugu na Saad bin Rabii (R.A), tajiri wa Kiansari, ambaye alimtolea nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Akaanza na jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akaonekana ana alama ya manukato ya zafarani, kumbe ameoa mwanamke wa Kiansari, kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Mtume (S.A.W) akamwambia afanye walima, japo kwa mbuzi mmoja. Soko la mji mgeni ndilo lililomjengea nyumba.

Hata hivyo tusiwadanganye vijana. Mji mpya hauleti furaha siku ya kwanza. Muhajirina walipofika Madina homa iliwaangusha, na miongoni mwao walikuwa Abubakar na Bilal (R.A). Bilal, ambaye Makka alilazwa juani na kuwekewa jiwe kifuani, alilala na homa yake akililia mabonde ya Makka na majani yanayoota huko! Mtume (S.A.W) hakumkemea kwamba ana imani dhaifu. Aliomba dua: Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye mji wa afya, na abariki pishi yake na kibaba chake. Tazama dua hiyo ilivyokusanya moyo, mwili na chakula. Mke anayelia mwezi wa kwanza katika mji mpya hana ukaidi wala hakosi shukrani. Ana homa ya Bilal, na dawa yake ni dua, kibaba na muda.

Lakini kisa tunachotaka kila familia changa ikijue ni cha Asmaa binti Abubakar na mumewe Zubeir bin Awwam (R.A). Asmaa alihama akiwa na mimba, akajifungua Kubaa, na mtoto wake Abdullah akawa mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa baada ya Hijra. Waislamu walifurahi mno, kwa kuwa ulikuwa umevuma uvumi kwamba wamerogwa wasipate uzazi. Asmaa mwenyewe anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Zubeir hakuwa na mali yoyote isipokuwa ngamia wa kutekea maji na farasi wake. Binti wa mfanyabiashara wa Makka akawa anamlisha farasi, anateka maji, anashona ndoo ya ngozi, anakanda unga. Mkate hakujua kuuoka vizuri. Waliokuwa wakimuokea ni majirani zake, wanawake wa Kiansari, naye aliwasifu kuwa ni wanawake wa kweli.

Hapo ndipo furaha ya mji mpya ilipoanzia kwa nyumba ile: mkate wa jirani. Hatusomi kwamba Asmaa aliona haya kusema hajui kuoka, wala kwamba majirani walimcheka mgeni wa mjini asiyejua jiko.

Tunalisema hili kwa sababu misikiti yetu ina deni hapa. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, maelfu ya watumishi wamehamia mji ule, na wengi wao ni vijana. Wanaswali Ijumaa katika Msikiti wa Gaddafi na kwingineko, safu zinajaa, imamu anatoa salamu, kila mtu anavaa viatu vyake. Mgeni anaweza kuswali hapo mwaka mzima asiulizwe anakaa mtaa gani. Na mkewe, ambaye pengine haji msikitini, nani atajua kwamba yupo? Sadaka ya akina mama wa mtaa kwa familia iliyohamia jana ni sahani ya wali na neno moja: madrasa iko wapi, maziwa mazuri ananunua kwa nani, mkunga mwenye huruma ni yupi.

Sasa tulifikie lile tuliloliahidi. Wapo waume wengi, na si watumishi wa serikali peke yao, wanaohamishiwa mji mwingine wakamwacha mke Dar es Salaam "mpaka mambo yakae sawa". Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita. Mambo hayakai sawa kwa sababu hakuna aliyeyakalisha. Stahili za uhamisho wa mtumishi humhesabu mke na watoto pia, lakini fedha ikishaingia hununua kiwanja, na mke huambiwa asubiri nyumba iishe. Mtoto anamjua baba yake kwa sauti ya simu.

Imepokewa kwamba Omar bin Khattab (R.A) alimsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa vitani. Akamwendea binti yake Hafsa (R.A), akamuuliza mwanamke anaweza kumvumilia mumewe muda gani. Riwaya zinatofautiana baina ya miezi minne na sita. Omar akaamuru askari wasikae mbali na wake zao zaidi ya muda huo. Hao walikuwa wapiganaji katika njia ya Mwenyezi Mungu, mipaka ya dola ikiwategemea. Sisi ni makarani na mafundi, kisha tunadai subira ambayo Omar hakuidai.

Na matokeo yake tunayaona. Mume mpweke katika mji mgeni hula hotelini, hukaa kijiweni, na baada ya muda husikia wepesi katika yale aliyokuwa akiyaogopa. Wengine hukimbilia ndoa ya siri. Hatuzungumzii hapa uhalali wa mke wa pili, sheria yake inajulikana na masharti yake yanajulikana. Tunazungumzia ndoa iliyofungwa ili kujaza nafasi ya mke ambaye nauli yake ilikwisha lipwa. Mke huyo husikia habari kwa watu, na ile nguzo moja iliyokuwa imebaki nayo inaanguka.

Hata hivyo mke naye asibebwe kama kabati. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunataka mashauriano ya mume na mke, kwa mujibu wa Suratil Baqara aya ya 233, vipi kuihamisha nyumba nzima? Pengine ana kazi, ana genge lake la maandazi, ana mama mgonjwa. Pengine aliahidiwa siku ya kuposwa kwamba hatatolewa mjini kwao, na ahadi za ndoa Mtume (S.A.W) amezihimiza kuliko ahadi nyingine. Wakae, waswali istikhara wote wawili, wazungumze hesabu zikiwa mezani. Kama mke ni mwalimu au muuguzi wa serikali, ombi la kumfuata mume liandikwe mapema. Na kama wapo watoto wa shule, wahame Desemba, mwaka wa masomo ukiwa haujaanza.

Katika kuchagua mji, Nabii Ibrahim (A.S) ametuachia mpangilio. Alipoiweka familia yake changa, mke na mtoto mchanga, katika bonde lisilo na mimea, aliomba, kama ilivyo katika sura yenye jina lake aya ya 37, kwamba wasimamishe Swala, kwamba nyoyo za watu zielekee kwao, na kwamba waruzukiwe matunda. Ibada, watu, chakula. Sisi tumeugeuza mpangilio huo: tunauliza mshahara, halafu umeme, na msikiti tunaugundua tukishapanga. Kwa mizani ya Ibrahim, Tanga ni mji mwema kwa familia changa, mji mkongwe wa vyuo na misikiti ambako mtu anaweza kufika kazini kwa baiskeli. Morogoro ina chuo kikuu cha Waislamu, mboga za milimani na maji ya mito. Kondoa haina mshahara mnono, lakini mtoto huenda madrasa kwa miguu yake. Dodoma yenyewe tuwaonye: kodi za nyumba zimepanda na maji yana mgao, hivyo anayekwenda huko kwa kutafuta urahisi apige hesabu kwanza.

Limebaki la wazazi. Kuna mama atakayesema kwamba mkwe amemnyang'anya mwanawe, na baba atakayesema undugu umekatwa. Kuunga udugu ni faradhi, na anayehama akaacha kupiga simu na kutuma chochote kwa wazazi amebeba dhambi ambayo hakuna wasaa wa nyumba utakaoifuta. Lakini wazazi nao wamtazame Abubakar (R.A). Binti yake alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la Zubeir, mwendo wa theluthi mbili za farsakhi, zaidi ya kilomita tatu kwa miguu. Hakumwambia arudi nyumbani. Alimpelekea mtumishi wa kumhudumia farasi, na Asmaa anasema ilikuwa kama ameachwa huru. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Bibi anayeweza kukaa na mjukuu wiki mbili, mkwewe akipanga vyombo na kuwajua majirani, atakuwa amempelekea mwanawe mtumishi yule yule.