Weji tatu zinatosha, wacha mashindano ya begi

Mwezi uliopita nilikopa pesa nikanunua weji ya nne, ya mtumba. Wadau, nilijichezea. Weji ni zile fimbo za kuinua mpira ukiwa karibu na shimo, na sheria za gofu zinaruhusu fimbo 14 tu kwa begi. Begi likijaa, ukiongeza moja lazima nyingine ibaki nyumbani.

Angalia digrii. Kama ya kwanza ina 46, tafuta ya 52 na ya 56. Hapo umeziba mapengo ya umbali, na mchangani utatoka. Ya 60 inataka mkono wa mazoezi ya kila siku, na wengi wetu huingia uwanjani Jumamosi pekee.

Hizo pesa mpelekee kocha kwanza. Mimi deni bado nalipa, na mikwaju haijapungua.