UKURASA WA WAZAZI: MAHALI AKETIPO MTOTO DARASANI

Mtoto arudipo kutoka shuleni twamwuliza mambo mengi. Leo mmefundishwa nini? Umepata alama ngapi? Kalamu niliyokununulia juzi iko wapi? Lakini ni wachache kati yetu wamwulizao, Waketi wapi? Twadhani ni neno dogo lisilostahili kuulizwa, maana benchi ni benchi, na mwalimu ni yule yule mmoja kwa wote. Mwezi huu twapenda kulitazama neno hili kwa makini, kwa kuwa wako watoto wahesabiwao kuwa wavivu, hata wakapigwa kwa ajili yake, na kumbe taabu yao yaanzia mahali wanapoketi.

Kila mtu aliyepata kusoma aijua desturi ya darasa. Mbele huketi wapendao kujibu, pamoja na wafupi wa kimo. Nyuma huketi warefu, na wenye soni, na wale wasiopenda jicho la mwalimu liwaangukie. Mwisho wa mwaka alama zisomwapo, mara nyingi wa mbele huonekana kuwapita wa nyuma. Basi hapo swali lazuka: je, ni kiti kilichowasaidia, au ni bidii yao iliyowapeleka kwenye kiti kile? Fundo la jambo lote ni hapo. Kama ni kiti, yule wa nyuma adhulumiwa bila kosa. Na kama ni bidii tu, kumhamisha hakutamfaa kitu, ni sawa na kumvika mvivu kanzu ya mchapa kazi.

Wenye elimu wamelichunguza neno hili kwa muda wa miaka mia na zaidi. Mwaka 1921 huko Marekani, bwana Coleman Griffith aliandika habari za alama za wanafunzi wa madarasa makubwa, akaonyesha kwamba walioketi katikati ya chumba walipata alama bora kuliko wa mbele kabisa, na wa nyuma, na wa pembeni. Mwaka 1980 mwingine, jina lake Stires, alilinganisha wanafunzi waliojichagulia mahali na wengine waliowekwa kwa mpango wa herufi za majina yao, hata asiwepo aliyejichagulia. Katika makundi yote mawili wale wa katikati walifanya vizuri kuliko wa pembeni, na tena walimpenda zaidi mwalimu wao. Hili la pili msilipite upesi, wazazi. Mtoto ampendaye mwalimu husikiliza, na asikilizaye huelewa.

Kwa nini katikati? Jibu lilionekana mwaka 1970 katika kazi ya Adams na Biddle, walionasa picha za masomo kwa mashine, kisha wakazitazama taratibu wahesabu nani amesema na nani ameulizwa. Waliona kwamba mazungumzo mengi ya mwalimu na wanafunzi yalikuwa kwa walio safu ya mbele, na kwa wale wa mstari wa katikati ushukao kutoka mbele kwenda nyuma, mfano wa herufi T. Walio nje ya T hiyo walikuwa kama watazamaji wa ngoma ya watu wengine. Wala si kwamba mwalimu ana upendeleo moyoni. Asimamapo penye ubao macho yake huenda moja kwa moja mbele yake, na ayaonayo macho ndiyo yaulizwayo na kinywa. Mwalimu mwema kabisa aweza kumaliza kipindi kizima asimtazame hata mara moja mtoto wa pembeni karibu na dirisha, na akiambiwa hivyo atashangaa.

Walakini jaribio lililowashtua wengi ni la mwaka 2005, la Katherine Perkins na Carl Wieman, katika Chuo Kikuu cha Colorado. Huyu Wieman ndiye aliyepewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, basi si mtu wa maneno mepesi. Walikuwa na darasa kubwa la fizikia, wakawapa wanafunzi mahali pa kukaa kwa kura tu, pasipo kuangalia nani ana akili au bidii. Nusu ya muhula ilipokwisha wakawageuza, wa mbele wakaenda nyuma na wa nyuma wakaja mbele. Tena walijitahidi sana kuwashughulisha wale walio mbali. Pamoja na hayo yote, mwisho wa muhula walioanzia nyuma walikuwa karibu mara 6 zaidi kupata alama F, ndiyo ya kushindwa, kuliko walioanzia mbele. Angalieni, walikwisha kuletwa mbele, lakini madhara ya mwanzo hayakufutika. Nadhani mtu akizoea katika majuma ya kwanza kuwa somo ni jambo linalopita kule mbali, mazoea hayo huhama pamoja naye.

Lakini haifai tuseme jambo limekwisha. Mwaka 2007 walimu wengine wa Marekani walijaribu kazi ya namna hiyo katika darasa la elimu ya viumbe hai, wala hawakuona tofauti katika alama za mtihani. Na hao wote walikuwa watu wazima, wa chuo kikuu, wenye macho yaliyokwisha kupimwa na vitabu vyao mikononi. Mimi naona hivi: kiti si dawa, wala si uchawi. Ni kama mahali pa kupanda mbegu. Mbegu njema yaweza kuota hata kivulini, ila wengi wetu tusingechagua kupanda hapo.

Kwa watoto wadogo zipo habari nyingine. Mwaka 1981 huko Uingereza, Wheldall na wenzake waliwatazama watoto wa miaka 11 walipokaa kuzunguka meza, na walipokaa kwa safu wakitazama mbele. Katika safu walishika kazi yao zaidi. Mwaka 1987 yeye na Lam walirudia kwa watoto wenye shida ya kujifunza, na hapo tofauti ilikuwa kubwa mno: penye meza watoto walishughulika na kazi kwa kadiri ya asilimia 35 tu ya wakati, na penye safu kwa kadiri ya asilimia 70. Walirudishwa kwenye meza, wakarudi chini vile vile. Mtoto aliyetazamana na mwenzake ataongea naye, nani asiyejua? Lakini hata safu si mwisho wa maarifa. Mwaka 1999 huko Ujerumani ilionekana kwamba watoto wa darasa la nne huuliza maswali mengi zaidi waketipo kwa nusu duara kuliko waketipo kwa safu. Basi kazi ya kuandika kimya yataka safu, na kazi ya kuulizana yataka watu waonane nyuso. Wazee wetu walilijua hilo barazani bila kufundishwa na mtu.

Sasa turudi kwetu. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za serikali za Tanzania, watoto waliingia kwa wingi sana, na mwaka ule ule nchi nzima ilikuwa katika shughuli ya kutengeneza madawati. Shule nyingi zingali zimejaa, na dawati la wawili hubeba watatu au wanne. Katika darasa la namna hiyo, nyuma ni mbali kweli kweli. Mvua ikinyesha juu ya bati, wa nyuma huona midomo ya mwalimu ikicheza tu. Jua likiingia dirishani, ubao hung'aa, na aliye upande wa pili haoni hata herufi moja. Kumwambia kila mtoto, Kaa mbele, si shauri, kwa maana mbele haitoshi watu themanini. Shauri lililo bora ni la zamu: safu ya mbele irudi nyuma kila Jumatatu, na nyingine zisogee, hata kila mtoto apate siku zake za karibu na ubao. Halina gharama hata ya senti moja. Na mwalimu atembee, afundishe kidogo akiwa amesimama nyuma, aulize kwa kufuata daftari la majina na si kwa kufuata mikono iliyoinuliwa.

Kuna desturi moja ambayo sisi hatuipendi hata kidogo, nayo ni ya kumfukuza mtoto aende nyuma kwa kuwa ameshindwa kujibu. Hiyo ni kumnyima maji aliyeshikwa na kiu.

Lakini wako watoto wasiopasa kungoja zamu, nao ni wale wasioona mbali na wale wasiosikia vema. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni, maana hakupata kuona namna nyingine. Adhani watu wote huona ukungu ubaoni. Hunakili kwa jirani, akaitwa mwizi wa majibu. Huchoka, akacheza, akaitwa mtundu. Huko China lilifanywa jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2014, watoto wasioona mbali wakapewa miwani bure, na alama zao za hesabu zikapanda. Hawakubadilishiwa mwalimu wala kitabu.

Basi mama, baba, fanyeni hili nyumbani mchana kweupe. Msimamisheni mtoto mbali na maandishi yaliyo makubwa, bango la duka au kalenda ukutani, afunike jicho moja kwa kiganja, asome. Kisha afunike la pili. Mwekeni nduguye mkubwa asimame pale pale asome naye. Kama mmoja asoma na mwingine akunja uso, au asogea mbele kila mara, mpelekeni hospitali akapimwe macho. Kwa masikio, mwiteni kwa sauti ya chini akiwa amewapa kisogo. Sikio litokalo usaha lisipuuzwe, hata kama halimwumi.

Kisha nendeni kwa mwalimu, kwa adabu, baada ya masomo, wala si mbele ya darasa. Semeni, "Mwalimu, twashukuru kwa kazi yako. Mtoto wetu haoni vema kutoka nyuma. Twaomba akae karibu mpaka tupate miwani." Mwalimu wa kweli hatakataa neno hilo. Lakini msiende kumtaka awekwe mbele kwa sababu tu ni mtoto wenu, maana kila anayeketishwa mbele kuna mwingine aliyeondoshwa. Na mwenye soni msimshurutishe kukaa chini ya pua ya mwalimu siku ya kwanza. Safu ya pili au ya tatu, mstari wa katikati, yamtosha, naye ataonekana bila kuogopeshwa.

Mwulizeni pia aketi na nani. Rafiki wa kuchezea si lazima awe rafiki wa dawati, na mtoto mwenyewe alijua hilo kuliko sisi, ila aona haya kumwambia mwenzake. Mwalimu akiwatenganisha, huenda akawa amempunguzia mzigo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kazi ya shule ifanywayo nyumbani usiku, na taa ifaayo kuisomea.